Mita Mia Saba na Hamsini za Ujiji

Sababu ya safari yangu ilikuwa karatasi ya ukurasa mmoja. Juu ilieleza mashindano ya michezo mitatu yatakayofanyika Mwanza, ya masafa mafupi kwa sisi tunaoanza: kuogelea mita mia saba na hamsini, kuendesha baiskeli kilomita ishirini, kisha kukimbia kilomita tano, yote mfululizo. Chini kulikuwa na sehemu ya shahidi. Mtu mzima asiye ndugu wa mshiriki athibitishe kwa sahihi yake kwamba amemwona mshiriki akiogelea umbali huo wote katika maji ya wazi, si katika bwawa la hoteli. Asiye na sahihi hiyo haingii majini siku ya mashindano. Mwisho wa kuipeleka karatasi ulikuwa Jumatatu ya mara tu baada ya likizo ya katikati ya muhula.

Baiskeli na mbio hazikunitia wasiwasi. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, na tangu daktari aliponiambia kuwa shinikizo langu la damu limepanda, naendesha baiskeli kwenda kazini na kukimbia kila Jumamosi barabara za Tabora. Shida ilikuwa maji. Nilijifunza kuogelea miezi saba katika bwawa la hoteli lenye urefu wa mita ishirini na kina cha kifuani. Nikichoka, nasimama. Nilipokuwa na miaka kumi niliteleza kwenye lambo la ng'ombe kijijini kwetu, nikatolewa na mchunga ng'ombe mmoja nikiwa nimeshakata tamaa ya kupumua. Tangu siku ile sikuwahi kuingia katika maji ambayo miguu yangu haigusi chini.

Na nilikuwa nimekwisha kujitangaza. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nachora ubaoni mkato wa Ziwa Tanganyika, naeleza kwamba kina chake ni karibu kilomita moja na nusu, la pili duniani, halafu nafuta ubao. Mwaka huu mwanafunzi wa kidato cha pili, wa viti vya nyuma, akauliza, "Mwalimu, umewahi kuingia humo?" Nikajibu kwa kiburi kwamba bado, ila nitaingia, tena nitashindana. Darasa likapiga makofi. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilizivua mbele ya wanafunzi hamsini na wawili.

Mwalimu mwenzangu Zubeda, mzaliwa wa Ujiji, ndiye aliyeniokoa. Aliisoma ile karatasi chumba cha walimu, akampigia simu mama yake mdogo, kisha akanigeukia. "Nenda likizo hii hii ya katikati ya muhula. Sasa ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na watu wapo. Giza likirudi, usiku wote wako ziwani na mchana wamelala. Hutampata wa kukutazama."

Ijumaa jioni nikapanda treni. Mfuko wangu ulikuwa na viatu vya kukimbilia, suruali mbili ndefu za kubana, fulana za mikono mirefu, kofia ya mpira na miwani ya kuogelea. Mama mmoja tuliyekaa naye aliichukua ile miwani, akaigeuza geuza. "Wewe ni fundi wa kuchomelea?" Nikamweleza. Akanirudishia polepole, akasema ataniombea, na alipokuwa anashuka Kaliua alikumbusha tena kwamba ataniombea. Sikujua kama nishukuru au niogope zaidi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tuliingia Kigoma. Kabla ya stesheni, treni inapoteremka kati ya vilima, ziwa lilijitokeza upande wangu wa kulia, likapotea, likajitokeza tena. Nimelichora miaka kumi na tisa kwa chaki ya bluu. Nilipoliona lenyewe nilijisikia mjinga, na machozi yalinilengalenga. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo kwa mbali sana. Nikawaza kwamba kati yangu na ile milima hakuna mahali pa kusimama.

Bajaji ilinipeleka Ujiji kwa kupitia Rusimbi. Dereva alipojua natoka Tabora alinikaribisha mwisho wa reli kama vile reli aliijenga yeye. Nyumbani nilipokewa na Mama Hidaya, mama mdogo wa Zubeda: mrefu, mwembamba, umri wa miaka hamsini na nane, mkaushaji na muuzaji wa dagaa, mwenye sauti inayoanza kusikika kabla hajatokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, karibu sana. Mbona mkono wako wa baridi? Ziwa bado hata hujaliingia!"

Alikuwa amepika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese. Nilikula mpaka nikaona aibu. Nilipoomba kuosha vyombo alikataa, akasema mgeni siku ya kwanza huosha mikono tu. Kisha akakaa mkekani, akataka nimsomee ile karatasi neno kwa neno.

"Shahidi si ndugu yako," alisema nilipomaliza. "Basi ni kaka yangu, Mzee Rajabu. Fundi wa nyavu. Huyo akisema ameona, ameona. Ila ana ukali wake. Kesho nitakupeleka, umsalimie vizuri kabla ya kumwomba lolote."

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka mwenyewe kukimbia kando ya ziwa, kusudi nionekane mchapakazi. Wanawake waliokuwa wanateka maji walinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" nami nikajibu kwa Kiswahili huku nikipunga mkono. Mchanga ulikuwa laini, hewa safi, mitumbwi imepangwa nchi kavu na taa zake zimefungwa nguo. Mbele yangu wavu mrefu ulitandazwa mchangani, na mzee mwenye kofia ya kufuma alikuwa ameuinamia na sindano ya kushonea nyavu. Kuuzunguka kungenipotezea hatua thelathini. Nikauruka. Mguu wa kwanza ulipita. Wa pili ulinasa, nikaanguka kifudifudi, na nilipojaribu kujinasua nikasikia nyuzi zinakatika.

"Wavu haurukwi," yule mzee alisema bila kuinuka. "Wavu unazungukwa. Kwenu hamna nyavu?"

"Shikamoo, Mzee. Kwetu hatuna ziwa."

"Marahaba. Basi kaa hapo. Shika huu upande, vuta. Vuta, usiubembeleze."

Nilikaa nimeshika ule wavu saa nzima na zaidi, naye akaziba matundu yangu. Mkono wake ulikwenda haraka kuliko macho yangu. Mama Hidaya alipotokea akinitafuta, alitukuta hivyo, akajishika kiuno akacheka mpaka akapiga magoti. "Nilisema nitamleta aje akusalimie," alimwambia kaka yake, "kumbe ameshaanza kibarua!" Nikajua ndiye Mzee Rajabu. Nikatahayari, maana shahidi wangu wa pekee nilikuwa nimemharibia kazi kabla hajalijua jina langu.

Alisikiliza habari ya mashindano kwa makini. Kikwazo alichokitoa sikukitarajia. "Kule mnakooga wanawake mimi sielekezi uso. Tangu nizaliwe. Nitamshuhudiaje mtu nikiwa nimempa mgongo?"

"Asiogelee kule," alisema Mama Hidaya. "Aogelee hapa kwenye mitumbwi, na nguo zake ndefu. Hapa haogi, hapa anafanya kazi."

Mzee akafikiri, akaona ni sawa. Akaniuliza, "Umbali gani wanataka?"

"Mia saba na hamsini, Mzee."

"Mia saba na hamsini." Akalitazama ziwa. "Si haba. Haya. Nitakufungia kamba ya hamsini kati ya madumu mawili, sambamba na ufuko. Utakwenda na kurudi. Zikitimia kumi na tano, nitatia sahihi. Zisipotimia, sitatia, hata ulie. Na iwe kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mitumbwi inarudi kazini na kamba naihitaji."

Siku ile ile, saa tatu, Mama Hidaya aliniingiza majini. Alifunga kanga yake kifuani, nyingine kichwani, akaenda kwa ubavu, kichwa juu, huku akiongea. Maji yalikuwa maangavu hata nikaziona kucha zangu mchangani. Nilipoacha kuziona, nilirudi mbio. Nikajaribu tena, nikarudi tena. Mara ya tatu nilikunywa maji, na lile lambo la kijijini likanirudia lote, na harufu yake ya samadi. Nilisimama nikikohoa, maji kiunoni, mwalimu mzima.

Mama Hidaya hakunicheka. Akasema, "Wewe unabana pumzi kama mtu aliyeficha kitu mdomoni. Tusalimiane."

"Tusalimiane?"

"Mimi nikiuliza, wewe uso majini, toa pumzi. Ukiinua kichwa, jibu. Usipojibu ni utovu wa adabu, na mimi ni mkubwa wako. Habari za Tabora?"

Nikatia uso majini, nikapuliza, nikainua kichwa. "Nzuri!"

"Za wanafunzi?"

"Nzuri!"

"Za mkuu wa shule?"

"Nzuri!"

"Za Zubeda? Za mumewe Zubeda?"

"Za mumewe sizijui, Mama!"

"Basi zamisha uso ukazifikirie."

Nimelelewa kujibu salamu. Mtu mzima akiniuliza habari, mdomo unajibu kabla sijaamua, na ili ujibu lazima pumzi iwepo. Tuliendelea hivyo, yeye akiuliza mvua, mahindi, bei ya sukari, homa za watoto, mimi nikijibu na kusonga mbele. Baada ya muda nikamuuliza tuko kina gani. "Ungeuliza mapema," alisema. "Kimo chako tumekipita tangu salamu za mkuu wa shule." Niliogopa kwa kitambo, lakini alikuwa ameshauliza habari za mama yangu mzazi, na hilo si swali la kuacha bila jibu.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa na utaratibu mmoja. Asubuhi majini, kabla upepo haujaamka. Adhuhuri kupumzika. Saa kumi baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kubebea dagaa, chuma kitupu, na kerea ya nyuma pana kama kitanda cha mtoto. Niliiendesha hadi Mwandiga na kurudi. Kwenye kilima cha Mwandiga vijana wenye madumu ya mawese walinipita, mmoja akaniambia, "Pole, mama, shuka usukume, hakuna anayekuona," na wote waliokuwa barabarani wakaniangalia. Nilishuka nikasukuma. Kurudi nilinuka dagaa mpaka paka wa jirani akanifuata hadi mlangoni. Mama Hidaya alikuwa ameniwekea maji ya moto ya kuoga. Kila siku aliyaweka, na sikuwahi kumwomba.

Kilichonitia unyonge ni ile kamba. Bwawani Tabora, mita ishirini nazimaliza kwa mikono ishirini na mbili. Nilipiga hesabu kwamba hamsini zitanimalizia mikono hamsini na mitano. Lakini kutoka dumu moja hadi la pili nilihesabu tisini na sita. Nikahesabu upya: tisini na nane. Nikajiambia ziwa si bwawa, maji haya yana nguvu za chini chini, na mimi ni mzito kuliko nilivyodhani. Jumanne niliweza kamba sita tu. Jumatano nikaweza nane, nikatoka nikiwa sisikii mabega. Usoni mwa Mzee Rajabu hapakuwa na lawama wala sifa. Aliniambia tu, "Umeongeza mbili," akarudi kwenye wavu wake.

Alhamisi, saa moja asubuhi, ndiyo ilikuwa siku. Ziwa lilitulia kabisa. Mzee alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kokoto kumi na tano mkono wa kushoto. Kila nikimaliza kamba moja, angehamisha kokoto moja kulia. Mama Hidaya alikuwa kwenye mtumbwi mdogo na kasia, karibu nami lakini asiniguse. Habari zilikuwa zimeenea. Wanawake wa vichanja vya dagaa walisimama ufukweni, na wavuvi wawili watatu waliokuwa wanajaribu taa zao wakaacha.

Kamba nne za mwanzo nilizimaliza vizuri. Ya tano upepo ukaanza. Mama Hidaya alikuwa amekatazwa na kaka yake kuongea nami, ili ushahidi usiwe na doa, kwa hiyo nikajisalimu mwenyewe. Habari za mama? Nzuri. Habari za yule mchunga ng'ombe aliyenitoa lambo, ambaye sikuwahi kumshukuru kwa sababu nilikuwa natapika? Sizijui, Mungu amweke. Habari za Zubeda? Nilimsalimu kila aliyewahi kunishika mkono, na walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Chini yangu palikuwa na bluu isiyo na mwisho. Nikagundua nimeitazama muda mrefu bila kuiogopa.

Kamba ya nane. Ya tisa. Mabega yaliwaka moto. Katikati ya kamba ya kumi msuli wa nyuma ya mguu wangu wa kulia ukakaza kama jiwe. Nilifika dumuni kwa mikono tu, nikalikumbatia. Nikajaribu kugeuka nianze ya kumi na moja. Mguu ukajikunja, nikazama kichwa, nikaibuka, nikazama tena. Kasia la Mama Hidaya lilikuwa mbele ya uso wangu. Nililitazama. Kulishika ni kushindwa jaribio, na nilijua hivyo. Nikalishika.

Walinikalisha mchangani, wakanifunika kanga mbili. Mama Hidaya aliukanda mguu wangu kwa mawese. Mkononi mwa Mzee, kushoto, kokoto tano zilikuwa zimebaki. Nililia kwa sauti mbele ya watu wote wale na wala sikuona haya. Nililia kwa sababu ya karatasi, na kwa sababu ya kidato cha pili, lakini zaidi kwa sababu watu hawa walikuwa wamenipa siku zao za mapumziko na mimi nawaachia kokoto tano.

"Mwalimu, pole," alisema Mama Hidaya. "Basi, pole. Umekwenda mbali, mwenzangu."

Mzee Rajabu aliinuka. Aliingia majini hadi kifuani, akafungua kamba yake, akarudi nchi kavu na kuanza kuikunja. Alikuwa akiivuta kwa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya vidole vya kushoto mpaka ncha ya vidole vya kulia, akihesabu kila mara: "Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini." Nilimtazama nikiwa bado na kwikwi. Kitu kikanigutusha.

"Mzee, unahesabu nini?"

"Pima."

"Kamba nzima ni pima ngapi?"

"Hamsini. Si ndiyo tuliyokubaliana?"

"Si mita hamsini?"

Aliniangalia kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali. "Mita ni za kitambaa na za barabara. Ziwani watu wanahesabu pima. Wavu ni pima, kamba ni pima, kina ni pima. Wewe uliniambia mia saba na hamsini. Mia saba na hamsini za nini tena, majini?"

Kila mtihani nawakata alama wanafunzi wanaoandika namba bila kipimo. Nimewakata wengi, tena kwa kalamu nyekundu. Niliinuka kwa mguu mmoja nikiomba tepu. Mama Hidaya alikimbia kwa fundi cherehani wa jirani, akarudi naye na tepu yake shingoni. Mzee Rajabu akasimama, akafungua mikono, akatulia tuli kama mtu anayepimwa kanzu ya Idi. Tepu haikutosha, fundi akapima vipande viwili, akajumlisha. Mita moja na sentimita sabini na nane.

Nikaandika mchangani kwa kidole. Pima mia tano, mara hiyo, ni mita mia nane na tisini. Nilikuwa nimevuka mia saba na hamsini kabla hata sijafika mwisho wa kamba ya tisa. Wanawake wa vichanja walipoelezwa walipiga vigelegele, na Mama Hidaya akacheza akiwa ameshika kasia. Jumatano, nilipotoka majini nikijidharau, ilibaki kidogo tu nikamilishe.

Mzee Rajabu peke yake ndiye hakufurahi. Alikaa juu ya mtumbwi, akavua kofia. "Kwa hiyo siku zote hizi nimekutesa, mwanangu."

"Hujanitesa, Mzee. Bila wewe nisingefika hata hiyo nusu."

"Leta karatasi." Akavaa miwani, akaisoma kwa mara ya kwanza, taratibu, mdomo ukienda. "Hapa wanataka mita mia saba na hamsini. Mita sikuziona. Nilichokiona ni pima mia tano."

"Lakini pima mia tano ni zaidi!"

"Hiyo ni hesabu yako, na ni nzuri. Iandike pembeni. Sahihi yangu inashuhudia macho yangu."

Akalikata neno mita kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaandika kwa mwandiko safi wa shule ya zamani: Nimeona pima 500, za mikono yangu. Rajabu, fundi wa nyavu, Ujiji. Chini akaweka namba yake ya simu. Nilitamani kumbembeleza. Nilikumbuka alivyosema, hata ulie, na kulia nilikuwa nimeshalia. Nikaandika hesabu yangu pembeni, nikamshukuru kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi niliondoka. Ufukweni wavuvi walikuwa wanafunga taa na kupakia nyavu, ile kamba ikiwa kati yao. Mama Hidaya alinipa mfuko wa dagaa na chupa ya mawese ya kukanda mguu, akanisindikiza mpaka stesheni ya Kigoma, akasimama dirishani akiuliza habari za kila mtu ambaye nilikuwa naenda kumkuta, na nikajibu zote. Treni ilipoanza kutembea alikuwa bado anauliza. Safari nzima niliifungua ile karatasi, nikalitazama lile neno lililokatwa, nikaikunja. Hata kilima cha Mwandiga hakikunitia hofu kama mstari ule.

Jumatatu, Tabora, nilituma picha ya karatasi. Jumanne, saa ya mapumziko, simu iliita. Alikuwa mratibu wa mashindano, kijana mwenye sauti ya haraka.

"Mwalimu Felista? Hapa pameandikwa pima. Kanuni yetu inasema mita."

Nikakaa. "Nimeweka hesabu pembeni."

"Nimeiona, ila hesabu ni yako. Nimempigia shahidi. Nikamwomba aseme tu kwamba ni mita mia nane na tisini, niandike, yaishe. Amekataa."

"Ndivyo alivyo," nilisema.

"Ameniambia nisimame, nifungue mikono, nihesabu mpaka mia tano, halafu nimwambie kama ni karibu." Nikasikia anacheka. "Nimejaribu kwenye korido ya ofisi, Mwalimu. Nilipofika thelathini mabega yalikuwa yanauma na korido imekwisha. Pima ni kubwa kuliko mita, hilo nimelishuhudia mwenyewe. Njoo Mwanza. Namba yako ya kifuani ni arobaini na moja."

Nilibaki nimekaa mpaka kengele ikalia. Nilikuwa nimefundishwa mambo mengi kwa siku sita: kuzunguka wavu, kutoa pumzi, kutaja kipimo. Lakini ninalolishukuru zaidi ni kwamba Mzee Rajabu hakuniandikia mita kwa huruma. Angeziandika, ningekuwa na sahihi, na kila nikitazama maji ningejiuliza kama niliyaweza kweli. Nilikwenda Ujiji kuomba mita mia saba na hamsini. Nikapewa mia moja na arobaini za ziada na watu ambao hawakujua kuwa wanatoa, na mimi nilikuwa nalia wakati napokea.